Aksanti ya Mama Masika

Katika soko la Virunga, mjini Goma, Mama Masika alijulikana kwa mambo mawili. Kopo lake la kupimia maharage halikuwa limebonyezwa kitako kama makopo ya watu fulani ambao sitawataja, na mteja yeyote aliyesema anatokea upande wa Bukavu alipewa matabishi mpaka aone haya. Matabishi ni ile nyongeza ya mwisho, kiganja kimoja juu ya kipimo, ya kumfanya mnunuzi arudi kesho. Kwa Mama Masika haikuwa kiganja. Alimimina mpaka maharage yakavuka mdomo wa mfuko na kudondoka chini, kisha akauliza swali lake, lilelile kila siku.

"Huko kwenu hamujue kaporali mumoja banamwita Chance? Alikuwaka anaimba sauti ya chini ku misa."

Watu wa Bukavu hawakumjua. Bukavu ni kubwa, na wanaoitwa Chance huko wamejaa tele. Waliochangamkia habari hiyo ni vijana wa mtaa wa Majengo, waliozaliwa Goma na ambao hata ziwa hawajalivuka. Walianza kuja wakiburuta maneno kama Washi, wenyeji wa kule: "Mama, miye natoka Walungu." Mama Masika aliwajua wote kwa sura na kwa majina ya mama zao. Aliwakata jicho, akawapa matabishi vilevile. Jirani yake wa meza ya pili alimwonya kwamba atafilisika.

"Nikifilisika, nitafilisika nikiwa muzima," alijibu, akaendelea kupima.

Uzima huo ndio uliomtesa. Aliupata kwa mtu ambaye hakuwahi kumshukuru, na mwanamke huyu hakuzoea kupokea kitu akanyamaza. Ukimpa chumvi anarudisha mboga. Ukimsalimia mwanawe njiani, jioni anakuja kwako kukuambia ahsante. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo apewe maisha yake na ya mtoto wake, na aliyempa asionekane tena duniani.

Masika ni Mnande, mzaliwa wa Butembo, na ndoa ndiyo iliyomteremsha mpaka Kalengera, kijiji kilicho kwenye barabara kuu ya kwenda Rutshuru. Mumewe, Anastase, alikuwa mkulima. Masika alinunua maharage kwa wakulima wa pale na kuyapandisha kwenye malori ya Goma. Anastase alikufa kwa homa kabla binti yao Charline hajaota meno, na Masika akabaki na biashara, mtoto mgongoni, na ulimi wake.

Kalengera palikuwa na kizuizi cha askari. Tuseme ukweli, askari wa kizuizini hapendwi. Kila mmoja watu walimjua kwa kile alichochukua: huyu kuku, yule kuni, mwingine makaa. Kaporali Chance, mtu wa upande wa Bukavu, walimjua kwa kile alichokileta, yaani sauti. Jumapili aliacha bunduki kwa mwenzake, akaingia kanisani na mabuti yake, akasimama nyuma kabisa ya kwaya na kuimba sauti ya chini iliyotikisa mabenchi. Adalbert, aliyekuwa mkuu wa kwaya, alikuwa amemlilia Mungu miaka mingi ampatie sauti kama hiyo, na hakujali imekuja na nguo gani. Baada ya misa kaporali alikula maharage kwa Masika, akaosha sahani mwenyewe. Askari anayeosha sahani! Kijiji kizima kilizungumza habari hiyo kwa juma zima.

Halafu vita vikashuka kutoka upande wa Bunagana. Asubuhi ile jeshi lilipewa amri ya kurudi nyuma, na malori yake yakaondoka. Watu hawakuwa na malori. Walijaa barabarani na magodoro, mbuzi, masufuria na wazee wao mgongoni, na risasi zilikuwa tayari zinasikika nyuma ya migomba. Pale kwenye kona ya chini ya kijiji kaporali alikuwa ameshuka kwenye lori la mwisho. Hakuna aliyemwamuru. Masika alifika hapo akihema, Charline mgongoni na gunia la maharage kichwani, maana mchuuzi hukimbia na mali yake hata akili ikimwambia aitupe. Chance alimpokea gunia, akalilaza chini, akalala nyuma yake na bunduki yake.

Watu walipita mpaka mchana ulipogeuka. Nyuma yao bunduki ile ilisikika, ikanyamaza, ikasikika tena. Iliponyamaza moja kwa moja, hata wenye miguu mibovu walikuwa wamekaribia Rugari, mbali kwenye njia ya Goma.

Miezi baadaye Masika, aliyekuwa amekimbilia Goma, alirudi pale kwenye kona. Aliuliza kwenye mashamba yote ya jirani. Waliokufa walizikwa na watu wasiojulikana, mahali ambapo hakuna aliyeweka alama, na majani yalikuwa yameshaota kila pahali. Alisimama barabarani akasema "wasingya", yaani aksanti kwa Kinande, na hapakuwa na sikio la kuipokea. Alirudi Goma moyo ukimuuma kuliko alivyotoka.

Ndiyo sababu ya yale maswali sokoni. Aliuliza mpaka Charline akafika darasa la mwisho la sekondari. Kisha siku moja akaja mwanamke mwenye mkoba wa ofisi, karani kutoka Bukavu aliyekuwa Goma kwa kazi ya siku chache, akanunua maharage, akapewa matabishi, akaulizwa. Yule mwanamke hakuchukua mfuko wake.

"Akiimba alikuwa anafunga macho?" aliuliza.

"Apana," alisema Mama Masika. "Alikuwa anaangalia mabuti yake."

Mwanamke yule alikaa juu ya gunia bila kukaribishwa. Jina lake ni Bibiche. Kaporali Chance Cubaka alikuwa yaya yake, kaka yake mkubwa, na nyumbani kwao Walungu hawakuwahi kuletewa neno lolote kutoka jeshini. Palikuwa na maneno ya watu tu. Walisema Chance alivua kombati, akavuka mpaka pale Bunagana, na sasa ana mke na duka Uganda. Mama yake aliitukana habari hiyo mchana na kuiombea iwe kweli usiku.

Siku hiyo Mama Masika alifunga meza mapema. Walilia pamoja, wakasimuliana, na kabla Bibiche hajapanda bato, meli ya ziwani, kurudi kwao, jambo lilikuwa limeshaamuliwa: watu wa Kalengera waishio Goma watamjengea Kaporali Chance kumbukumbu yake. Wengi wao walisali kwenye kanisa dogo moja la mtaani, ambako Adalbert ndiye mkuu wa shirika, ile jumuiya ya majirani Wakatoliki. Padri alitoa nafasi kando ya ukuta. Kila mtu alileta alichoweza, saruji, mchanga au mikono yake, na kazi akapewa fundi Achille.

Hapa ndipo lilipofanyika kosa, na lilikuwa kosa la watu wa Goma kabisa. Mji wetu umelala juu ya mawe ya volkano. Kuchimba kaburi la kina ni kazi ya kuvunja migongo, kwa hiyo wafu wetu hulazwa juujuu na kujengewa kuta za mawe, urefu wa mtu aliyelala na kimo cha hadi kiunoni, na msalaba upande wa kichwa. Achille alikuwa amejenga kuta za nyumba na makaburi maisha yake yote. Alipoambiwa ajenge kitu cha heshima kwa marehemu, mikono yake ilijua kitu kimoja tu. Alijenga vizuri mno. Mawe meusi yaliyochongwa yakashikana, saruji nyeupe ikapita katikati, na juu yake kibao: KAPORALI CHANCE CUBAKA. ALITUPITISHA. AKSANTI. Shirika zima lilipita hapo likisifu, na hakuna aliyeona kaburi, kwa sababu kila mmoja alijua ndani hamna mtu. Ujinga wa namna hii unahitaji watu wengi. Mtu mmoja peke yake asingeuweza.

Charline alipiga picha kwa simu, akamtumia Bibiche. Jibu lilikuja haraka: mama yake, Mama Séraphine, anawabariki wote, na atafika mwenyewe Jumapili ya uzinduzi.

Jumapili asubuhi Mama Masika alikwenda bandarini na Charline, amevaa liputa mpya ya kitenge na viatu vilivyombana. Alikuwa ameandaa hotuba kichwani, ndefu na nzuri, ya miaka yote hiyo. Bato lilipotia nanga alimtambua mama yule kabla Bibiche hajapunga mkono. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa cheusi, na paji la uso lilikuwa la mwanawe hasa. Nyuma yake wanaume wawili, wajomba wa marehemu, walibeba sanduku fupi la mbao mpya lililofunikwa kitambaa cheupe.

"Mama, karibu sana Goma. Mulisafiri muzuri?"

"Tulisafiri muzuri, mama. Ziwa ilikuwa imetulia." Mama Séraphine alimshika mikono yote miwili, hakuiachia. "Batu ya kuvunja mawe muko nabo, ao tutafute wengine? Banasema mawe ya Goma ni nguvu. Tunataka tumutoe leo, kesho tumurudishe kwa baba yake."

Hotuba yote ilimtoka Mama Masika kichwani. Alitazama sanduku. Alimtazama Charline, na Charline, mtoto mwenye akili, alikuwa ameshafunika mdomo. Picha! Walimpelekea mama picha ya kaburi la mwanawe.

"Tupite kwanza nyumbani, mama," alisema kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. "Munywe kitu."

Aliwatanguliza na Charline. Yeye alichukua pikipiki mpaka kanisani, akamkuta Adalbert anapanga mabenchi uani na Achille anafuta vumbi kwenye kibao. Aliwaeleza kwa maneno machache. Achille alitazama kazi yake kana kwamba mtu mwingine ameijenga hapo kwa siri.

"Lakini... ni kaburi," alisema.

"Ndiyo, Achille. Ni kaburi. Sisi wote tuko vipofu."

Adalbert alikuna kichwa. Ni mtu mpole, anayependa kila jambo liishe vizuri hata kama halijaisha. "Tuseme Leta, serikali, inakataza kufukua mutu bila ruhusa. Mama atasali hapa, atalia, ataenda. Atakuwa na mahali pa mutoto wake. Ni mubaya?"

Nisiseme uongo, Mama Masika aliyawaza hayo. Kwa muda wa kupumua mara mbili tatu yalimvutia sana. Mama wa watu angerudi kwao ametulia, na yeye angepata shukrani yake bila doa. Kisha akawaka.

"Alie juu ya mawe matupu? Miaka yote hii natafuta mutu wa kumuambia aksanti, na leo amefika nianze na bongo, na uongo? Mimi siwezi, Papa Adalbert. Siwezi kabisa."

Nyumbani alimkuta Mama Séraphine ameketi kwenye kiti cha mbao, kikombe cha chai hakijaguswa, mkono mmoja juu ya lile sanduku. Mama Masika hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini kwenye mkeka, mbele ya miguu ya yule mama, kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama, niko na neno, na ni mubaya. Pale tulijenga hakuna mutu. Chance hayuko ndani. Tulimutafuta, hatukumupata. Hatujue balimuzika wapi."

Nje mtu alikuwa anachota maji kwenye pipa, na kila kata ilisikika.

"Mulituma picha ya kaburi," alisema Mama Séraphine.

"Tulituma, mama. Tulijenga vile tunajua kujenga. Hatukufikiri vile mama ataona. Tunaomba musamaha."

"Mulijenga juu ya nini sasa, kama hamukuzika mutu?"

"Juu ya aksanti tu, mama. Hatukuwa na mahali pa kuiweka."

Mama Séraphine hakulia. Laiti angelia. Aliondoa mkono kwenye sanduku taratibu, akaukunja mapajani, akaanza kusema, akimtazama Bibiche zaidi ya mtu mwingine. Kule Walungu wanaume walikuwa wamechimba kaburi tangu jana, ndani ya shamba la ndizi, karibu na kaburi la babu yake Chance. Muzee, baba yake Chance, alikuwa amevaa koti na kofia tangu alfajiri, amekaa kando ya shimo. Siku picha ilipofika, watu waliosema mwanawe alitoroka walikuja mmoja mmoja kuomba radhi, na muzee aliwapokea wote, akala nao.

"Nikirudi na sanduku ya bure," alisema, "batasema nini? Munaona, hakufa. Yuko Uganda na bibi yake. Na muzee bado amekaa pale."

Hapo Mama Masika alielewa walichokifanya. Walitaka kumheshimu mtu, na sasa walikuwa karibu kumvisha tena aibu ambayo hakuistahili, na baba yake mzazi ataivaa pamoja naye mpaka kufa kwake. Alitamani ardhi impasukie, lakini ardhi ya Goma ni ngumu, tumeshasema.

Mama Séraphine alikunywa chai yote kwa mkupuo mmoja, akafuta midomo. "Misa ni saa ngapi?" aliuliza.

Uwanja wa kanisa ulijaa mpaka barabarani. Walikuja wa Kalengera wote, na watoto waliozaliwa baada ya Kalengera, na majirani wasiojua Kalengera iko wapi lakini wanapenda ngoma za kwaya. Padri alinyunyiza maji ya baraka na kusema wazi kwamba hapa hapana mwili, pana jina na shukrani. Minong'ono ikapita. Ndipo Adalbert akamwomba mama wa marehemu aseme neno, akiomba kimoyomoyo asilaani mtu.

Mama Séraphine alisimama. Hakulitazama jiwe. Alimnyooshea Bibiche mkono, akapewa simu, akapiga kwao Walungu mbele ya watu wote. Alisema kwa Mashi, lugha ya kwao, kwa muda mrefu, bila kupandisha sauti. Wasiojua lugha walijua tu lilipofika lile neno baya, kwa sababu alifumba macho. Kisha alinyamaza na simu ikanyamaza. Mtu mmoja nyuma alinong'ona kwamba labda inite za simu zimekwisha.

Bibiche aliisogeza simu kwenye kipaza sauti cha kwaya. Sauti ya mzee ilitoka, imekwaruzika, na ilisema Kiswahili ili wote wasikie.

"Kuko nani hapo mwenye alimuona na macho yake?"

Mama Masika alishaanza kutembea kabla swali halijaisha. Viatu vilimbana, akavivua njiani.

"Mimi, muzee. Naitwa Masika. Tulikuwa naye Kalengera."

"Mutoto wangu alikimbia?"

"Apana, muzee. Yeye hakukimbia. Sisi njo tulikimbia. Yeye alibaki."

"Juu ya nini alibaki?"

"Juu malori ilikuwa imeenda, na sisi tulikuwa bado barabarani. Tulikuwa batu mingi, muzee, na bazee, na batoto. Alilala chini ku kona, anapiga bunduki, mpaka tukapita wote."

Mahali fulani kule Walungu jogoo aliwika, na uwanja mzima wa Goma ukamsikia.

"Alikuwa anaogopa?" aliuliza mzee.

Swali hilo Mama Masika hakulitegemea. Ingekuwa rahisi kusema hapana, simba haogopi, na watu wangepiga makofi. Lakini asubuhi ile alikuwa ameshachagua njia yake, na hakuona sababu ya kuiacha sasa.

"Ndiyo, muzee. Alikuwa anaogopa sana. Alinitoa gunia ku kichwa, mikono yake inatetemeka, karibu imuanguke. Mimi nilikuwa nakimbia na mutoto ku mugongo. Akaniambia: mama, usikimbie, utaangusha mutoto. Tembea. Wakati iko."

Upande wa pili kulisikika kitu kama kikohozi. Kisha mzee akacheka kidogo.

"Njo yeye," alisema. "Njo yeye kabisa. Radi ikipiga alikuwaka anatetemeka, tangu mutoto mudogo. Lakini yeye njo alikuwaka anatoka ku mvua, kuingiza mbuzi."

Mama Séraphine aliposikia habari ya mbuzi alijishika kifua na kuanza kulia. Na hapo ikatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Adalbert alikuja mbele, akainamia simu. "Mimi Adalbert, muzee. Nilipita." Nyuma yake akaja mwanamke mwenye fimbo. "Mimi nilipita, na mama yangu." Wakaja wengine, mstari ukajipanga wenyewe mpaka mlangoni, na kila mmoja alitaja jina lake na kusema nilipita. Mzee aliitikia kila jina, eeh, eeh, kama mtu anayepokea mizigo mlangoni kwake. Mwishoni akasimama Charline, mrefu kuliko mama yake, amevaa blauzi nyeupe ya shule kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri.

"Mimi Charline, muzee. Mimi nilikuwa ku mugongo. Nilipita."

"Wewe njo ule mutoto mwenye hakuanguka?"

"Ni mimi."

"Basi," alisema mzee. "Basi, inatosha. Nimesikia." Alivuta pumzi. "Kwetu, mutu akikufa na asionekane, tunazika mugomba mahali pake. Batu balinisemesha miaka yote nizike mugomba, nikakataa. Nilisema sitazika mutu mwenye sijue kama alikufa ao alitoroka. Leo najua."

Aligeuka kando ya simu na kuita kwa Mashi, kwa sauti ya mwenye boma. Bibiche akawaambia watu kwamba anaagiza wakate mgomba mmoja mkubwa, waufunge kwa mkeka. Uwanja mzima ulisimama. Panga lilisikika likiingia kwenye mgomba, mara kadhaa, kisha sauti za wanaume wanaobeba kitu kizito kwa uangalifu. Adalbert alinyanyua mkono, na kwaya ikaimba Goma wakati udongo ukianguka Walungu. Sauti ya chini haikuwepo, na aliiacha nafasi yake wazi, hakumpa mtu mwingine aijaze.

Wimbo ulipokwisha, mzee alirudi kwenye simu. Alikuwa anahema.

"Mama Masika, bado uko?"

"Niko, muzee."

"Mama Chance ananiambia uko na neno ulikuwa unatafuta mutu wa kuambia. Sema sasa."

Miaka yote hiyo ya kutunga hotuba, na haikubaki hata sentensi moja. Mama Masika alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Aksanti, muzee," alisema. "Aksanti ya mutoto wako."

"Nimeipokea, mama," alisema mzee. "Mimi baba yake nimeipokea."

Simu ikakatika hapo, inite zimekwisha kweli sasa. Mama Masika alirudi bila viatu mpaka alipokaa Mama Séraphine, akaketi chini ubavuni mwake, akalia kwa sauti kubwa kama mtu aliyefiwa na wa kwao.